Simuleta ya mbio haina raha? Dalili, vyanzo na dawa kwa dereva wa Nairobi

Kabla hujagusa setingi hata moja ya simuleta yako, yaani mchezo wa kompyuta wa mbio za magari unaochezwa kwa usukani na pedali, acha mbio za mtandaoni uendeshe peke yako kwa robo saa. Chagua gari dogo lisilo na nguvu nyingi, kama Abarth 500 ya mchezo wa Assetto Corsa au Mazda MX-5 ya ule wa iRacing, na uwanja ambao tayari unaujua. Tatizo likibaki palepale, chanzo kiko mezani pako: skrini, usukani, pedali au setingi. Likitoweka, chanzo kiko kwenye mtandao au kwa watu unaokimbia nao. Wengi huruka hatua hii, wakaishia kubadilisha vitu kumi kwa mpigo. Hali ikibadilika, hawajui ni kipi kilichosaidia na ni kipi kilichoharibu.

Jambo lingine la kuelewana mapema: ugumu si uhalisia. Mtu anayeteremka Limuru Road na Vitz yake hapigani na usukani, na gari halimzunguki kwa sababu amekanyaga mafuta robo. Magari halisi, hata ya mashindano, hutengenezwa ili binadamu aweze kuyaendesha. Kwa hiyo gari la simuleta likikushinda hata kwa mwendo wa kwenda sokoni, usijisifu kwamba mchezo wako ni wa wanaume. Kuna kitu kimewekwa vibaya.

Naingia kona nikiwa na kasi kupita kiasi, au nafunga breki mapema mno

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni pembe ya kuona, yaani upana wa dunia unaoonyeshwa kwenye skrini. Michezo mingi hutoka kiwandani ikiwa na pembe pana, kwa sababu inavutia macho na haijui umekaa umbali gani. Pembe ikiwa pana kuliko skrini yako inavyostahili, kila kitu husogea mbali: kona inaonekana ndogo na iko kule, kisha ghafla uko ndani yake. Kilomita 80 kwa saa zinaonekana kama 140. Ubongo unakosa kipimo, nawe unalaumu matairi.

Hesabu yake si ngumu. Monita ya inchi 27 ina upana wa karibu sentimita 60. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, inafunika takriban nyuzi 53 za macho yako kutoka kushoto hadi kulia, na takriban 31 kutoka juu hadi chini. Hiyo ndiyo pembe ya kweli. Ila kuna mtego: Assetto Corsa huhesabu pembe ya juu hadi chini, na iRacing huhesabu ya kushoto hadi kulia. Anayenakili nambari 53 kutoka mchezo mmoja hadi mwingine atajiharibia bila kujua.

Ukiiweka sawa, mwanzoni utaona kama gari limepoteza mwendo na umevalishwa vizibo vya farasi wa mkokoteni machoni. Vumilia jioni chache. Dalili kwamba imekukaa ni kwamba utaanza kufunga breki mahali pale pale kila mzunguko bila kutafuta kibao cha mita mia.

Shida ni ya yule aliye kwenye bedsitter na televisheni imepigiliwa ukutani. Skrini ya inchi 32 ukiwa umbali wa mita mbili inafunika nyuzi 20 tu. Ukifuata hesabu kwa ukali, hutaona kioo cha pembeni wala aliye ubavuni mwako. Dawa ya kweli ni kusogeza skrini, hadi isimame nyuma tu ya kitako cha usukani. Isipowezekana, ongeza pembe mpaka uone ukingo wa dashibodi na angalau kioo kimoja, kisha ishi na hilo. Skrini ndogo iliyo karibu inashinda kubwa iliyo mbali, na ni rahisi zaidi. Kabla ya kutafuta monita tatu kule Luthuli Avenue, jaribu kusogeza meza.

Usukani ni mzito lakini hauniambii chochote

Hii ndiyo dalili ninayoiona sana kwa wenye usukani wa Logitech G29 na ndugu zake, nao ndio wengi mjini. Injini za usukani huo hutoa takriban nyutoni-mita 2 tu (hicho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Mchezo ukiomba 2, unatoa 2. Ukiomba 4, unatoa 2. Ukiomba 6, bado ni 2. Sasa fikiria kona ndefu ya kasi: tairi la mbele linashika, linakazana, linakaribia kuachia, na wakati wote huo usukani umejaa, unavuta kwa nguvu ile ile. Ile habari uliyoihitaji, kwamba tairi linaanza kuachia, imekatwa juu. Unaijua tu gari likishaenda nje.

Kwa hiyo dawa ni kinyume cha anachofanya kila mtu: punguza. Assetto Corsa ina kidirisha cha pedali chenye mstari mmoja unaoonyesha nguvu ya usukani, nao huwa mwekundu ukijaa. Endesha kona ndefu kuliko zote uwanjani, na upunguze nguvu ndani ya mchezo mpaka wekundu uonekane tu ukipanda kingo za uwanja au ukigonga. Mikono itahisi wepesi. Masikio ya mikono, kama naweza kusema hivyo, yatafunguka.

Malalamiko ya upande wa pili ni kwamba usukani umelegea katikati, kwamba kwenye barabara iliyonyooka hakuna uhai. G29 huendeshwa kwa meno ya gia, na nguvu ndogo sana humezwa na msuguano kabla ya kukufikia. Ndiyo maana michezo ina setingi ya nguvu ya chini. Ipandishe kidogo kidogo hadi usukani uanze kutetemeka wenyewe ukiwa umenyooka, kisha rudi nyuma hatua moja. Usukani wa mkanda, kama Thrustmaster T300, unahitaji kidogo tu. Ule wa injini ya moja kwa moja, usio na gia wala mkanda, kama Fanatec CSL DD au Moza R5, hauhitaji kabisa. Na kwenye programu ya Logitech, zima ile springi ya kurudisha usukani katikati. Ni nguvu bandia inayofunika ile ya matairi.

Angalia pia mizunguko. Geuza usukani wako robo mzunguko na utazame ule wa kwenye skrini. Ukienda zaidi au pungufu, nyuzi hazilingani. Acha programu ya usukani kwenye nyuzi 900, kisha uache mchezo upunguze kulingana na gari, maana gari la barabarani hugeuka mizunguko miwili na nusu hivi na gari la formula halifiki huko.

Stima ikipotea na kurudi, usukani hujizungusha kushoto na kulia ukitafuta katikati yake. Ukiushika wakati huo, au ukiwa umeegemea ukuta, katikati yake itakuwa pembeni, na gari litavuta upande mmoja usiku kucha. Chomoa, chomeka tena, ondoa mikono.

Breki zinajifunga, gari linapita kona moja kwa moja

Gari halisi hupima nguvu ya mguu wako. Pedali nyingi za bei nafuu hupima umbali ambao mguu umesafiri. Misuli hukumbuka nguvu vizuri na umbali vibaya, kwa hiyo si kosa la mguu wako kwamba kila kona inapata breki tofauti. Pedali zenye kipimo cha shinikizo huondoa tatizo hili, na kama una pesa za kununua kitu kimoja tu, mimi ningenunua hizo kabla ya usukani mpya. Najua hakuna anayesikia ushauri huu, maana pedali hazionekani kwenye picha.

Ukiwa bado na za kawaida, tumia ile setingi ya mkunjo wa breki, inayoitwa gama, ili nusu ya kwanza ya safari ya pedali itoe breki kidogo. Halafu jifunze mpangilio wa mguu: kanyaga kwa nguvu mwanzoni, kisha achia taratibu kasi inaposhuka. Kwenye magari yenye mabawa sababu ni ya kifizikia. Hewa hulikandamiza gari kwa kiwango cha kasi mara kasi, kwa hiyo kwenye 200 mgandamizo ni mara nne ya ule wa kwenye 100. Breki iliyokuwa salama mwanzo wa kufunga itafunga tairi mwisho wake.

Lakini kwanza tazama sakafu. Nyumba nyingi za kupanga Nairobi zina vigae, na pedali juu ya vigae hukimbia. Kiti cha ofisi chenye magurudumu hukimbia upande wa pili. Nusu ya nguvu yako inaishia kusukuma fanicha. Egemeza pedali ukutani, tumbukiza magurudumu ya kiti kwenye viatu vya zamani (cheka, lakini inafanya kazi), au nenda kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji na mchoro wa fremu ya vyuma vya mraba. Peleka vipimo vya mashimo ya usukani na pedali zako, si picha ya simu peke yake.

Breki ikiwaka yenyewe hujagusa pedali, ni vumbi ndani ya kipimo. Dawa ya kusafisha miguso ya umeme hulitoa kwa muda. Kisha weka eneo dogo lisilosikia mwanzoni mwa pedali.

Mizunguko miwili ya kwanza gari linateleza, kisha linatulia

Hakuna kilichoharibika. Matairi ya mashindano yakiwa baridi hayashiki, na upepo wake hupanda kadiri yanavyopata moto. Kwenye Assetto Corsa Competizione, gari la GT3 (daraja la magari ya mashindano yanayotokana na magari ya barabarani) kwenye uwanja mkavu linataka takriban psi 26 hadi 27 matairi yakiwa yameshapata joto, kwa hiyo unaanza chini ya hapo. Endesha polepole, usiyazungushe matairi ya nyuma ukidhani unayapasha.

Nageuza usukani, gari linachelewa kunijibu

Ikiwa unatumia televisheni, washa hali ya michezo kwenye menyu yake. Bila hiyo, televisheni hupamba kila picha kabla ya kukuonyesha, na mapambo hayo hula muda. Zima usawazishaji wa wima (V-Sync) kwenye mchezo, maana huifanya picha isubiri skrini. Punguza vivuli, vioo na umati wa watazamaji mpaka kompyuta itoe fremu 60 kwa sekunde au zaidi bila kushuka kwenye mwanzo wa mbio, kwa sababu ni pale magari yote yako mbele yako ndipo kadi ya picha huishiwa pumzi. Miti mizuri haikusaidii kitu ukiwa kwenye 200.

Magari mengine yanaruka, yanatoweka, au nimegongwa na mtu aliyekuwa mbali

Hapa ndipo anayekimbia kutoka Nairobi anahitaji kuelewa jambo ambalo mwenzake wa Ujerumani hana haja ya kulijua.

Data yako huteremka hadi Mombasa, kisha huingia kwenye nyaya za chini ya bahari kama TEAMS, SEACOM na EASSy. Mwanga ndani ya kioo cha faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme seva, yaani kompyuta inayosimamia mbio, iko Frankfurt, Ujerumani. Kutoka hapa hadi huko kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 6,300, kwa hiyo hata kama waya ungenyooka kama rula, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 63. Waya haunyooki, na njiani kuna vituo. Pingi halisi, yaani muda huo wa kwenda na kurudi, mara nyingi huwa mara mbili ya hapo au zaidi. Hakuna kifurushi cha intaneti kinachoweza kuipunguza: ukitoka megabiti 20 kwenda 100 unapata upana, hupati umbali mfupi.

Sasa tuseme wewe na jirani yako wa Rongai mko kwenye seva ya Frankfurt, kila mmoja na pingi ya milisekunde 160. Habari ya gari lake hutumia milisekunde 80 kupanda na nyingine 80 kukushukia. Kwenye kilomita 180 kwa saa, gari hukata mita 50 kila sekunde. Kwa hiyo gari unaloliona, lingechorwa kama lilivyofika, lingekuwa mita 8 nyuma ya mahali lilipo kweli. Mchezo haukubali hilo, unakisia. Unachukua kasi na mwelekeo wa mwisho na kulichora gari mahali linapotarajiwa kuwa sasa.

Kwenye barabara iliyonyooka na kona ya mwendo mmoja, makisio ni sahihi na mnaweza kukaa ubavu kwa ubavu. Yanapokosea ni pale mtu anapobadilisha mawazo: anapofunga breki. Kwenye skrini yako ataendelea mbele kidogo, kisha avutwe nyuma kukufuata usoni. Ndiyo sababu kumgonga mtu kwa nyuma kwenye breki ndiyo ajali ya kwanza ya madereva wa mbali. Acha nafasi ya gari moja zaidi ya unavyodhani, usijitupe kwa ndani dakika ya mwisho, na umalizie kumpita mtu kwenye kutoka kona badala ya kuingia.

Kuna kitu kibaya kuliko pingi kubwa, nacho ni pingi inayoyumba. 160 iliyotulia inaendesheka. 90 inayoruka hadi 300 haifai, kwa sababu makisio hayana msingi. Acha amri ya ping ikiendelea kwa dakika kumi saa mbili usiku, wakati jengo zima linatazama filamu, kisha irudie saa kumi na mbili asubuhi. Zikitofautiana sana, foleni iko karibu nawe na unaweza kuipunguza. Tumia waya badala ya Wi-Fi. Simamisha simu zinazopandisha picha mtandaoni, maana kupandisha ndiko kunakoziba njia kuliko kushusha. Rauta yako ikiwa na setingi ya kupanga foleni, iweke chini kidogo ya kasi unayolipia. Anayetumia rauta ya laini ya simu aiweke dirishani, na asitarajie utulivu wa faiba. Bando usiliogope: mbio zenyewe hula data kidogo, apdeti ndizo zinazomaliza.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua seva, jaribu Johannesburg au Cape Town. Johannesburg iko kilomita 2,900 hivi kutoka hapa, na kwa kawaida pingi yake hukaa chini ya ile ya Ulaya. Assetto Corsa inaruhusu mtu yeyote kufungua seva yake. Marafiki wanane wakichanga pesa za kukodi seva Afrika Kusini wana mbio safi kila wiki.

Na kuna siku tatizo si lako kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ya eneo hili lote ikaanza kuvuta miguu. Siku kama hiyo usiguse setingi. Zima, endesha na magari ya kompyuta.

Kila mbio zinaishia kona ya kwanza

Seva za wazi zisizo na leseni ndivyo zilivyo, kila siku, na hakuna setingi ya kuwarekebisha watu. Nenda mahali ambapo ajali inamgharimu aliyeisababisha. iRacing huhesabu pointi za matukio: 1 ukitoka nje ya uwanja, 2 ukipoteza gari, 4 ukigongana kwa nguvu, na leseni yako hupanda au kushuka kwa hizo. Gran Turismo 7 ina daraja lake la uungwana. Mwanzoni anza mbio nyuma ya kundi kwa makusudi. Utashangaa jinsi ya kumi na mbili inavyogeuka kuwa ya sita bila kumpita mtu.

Saa nazo zina maana. Mbio nzuri hujaa jioni ya Ulaya. Saa mbili usiku ya Berlin ni saa nne usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa tatu kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, kwa sababu wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Ligi yako ikikuacha mara mbili kwa mwaka, ndiyo sababu.

Kila kitu ni halisi na bado sifurahii

Pengine umezima misaada ambayo gari halisi linayo. GT3 halisi zina ABS (mfumo unaozuia breki kufunga tairi) na udhibiti wa kuteleza kwa magurudumu. Kuzizima ni kuliendesha gari ambalo halipo. Formula 1 ya kisasa haina vyote viwili: ABS ilipigwa marufuku kuanzia msimu wa 1994, na udhibiti wa kuteleza kuanzia 2008. Fuata gari, usifuate kelele za watu. Kwa maoni yangu, gari dogo lenye mshiko mdogo linafurahisha kuliko hypercar yoyote, kwa sababu unaishi kwenye mpaka wake kwa kilomita 90 na una muda wa kuona kosa likija.

Punguza pia urefu. Mbio za dakika ishirini na watu watano wanaofahamiana zina vita vingi kuliko saa nzima na wageni thelathini.

Kama tatizo ni pingi tu na huwezi kupata seva ya karibu, hamia rali. Kwenye hatua za rali unashindana na saa, peke yako njiani, kwa hiyo milisekunde za baharini hazina neno; muda wako hupelekwa ukishamaliza. EA Sports WRC ya 2023 ina Safari Rally Kenya, kwa hiyo vumbi la Naivasha utalipata bila kwenda Naivasha. Richard Burns Rally, ya 2004, bado inaendeshwa na jamii kubwa ya mtandaoni na haihitaji kompyuta kali. Ukihamia, rudi kwenye usukani kwanza: pandisha nguvu kidogo, maana changarawe hutoa habari nyepesi kuliko lami, na uanze na gari linalovutwa na magurudumu ya mbele kwenye hatua fupi.